Matikiti ya Bikajon

"Hili halijaiva," alisema Ruzmat, akiwa ameshaligonga mara tatu na kulinusa kitako. "Unataka kuniuzia maji, shemeji."

"Maji!" Bikajon aling'aka. "Pua yako ndiyo imezeeka, mzee Ruzmat. Tikiti la shamba langu hilo, na unalijua."

Wakabishana hivyo hadi chai ikapoa. Ndani ya ghala la udongo, nyavu za matete za kuhifadhia matikiti wakati wa baridi zilining'inia kwenye boriti, karibu zote tupu. Moja tu ilibaki na tikiti, na matete yake yalikuwa bado ya kijani.

Ruzmat hali matikiti. Daktari wa mjini Urganch alishamkataza vitu vitamu, na tangu vuli kila tikiti alilonunua lilimnenepesha punda wake. Ila mjane hatembelewi na mwanamume vivi hivi. Kijiji kina macho. Mnunuzi, huyo anaruhusiwa. Anaruhusiwa hata kuchagua, kukosoa na kumiminiwa chai ya pili. Tangu mkewe afariki, ni Ijumaa tu, katika ghala hili, ndipo aliposikia mtu akimwita kwa jina.

"Basi liache mpaka Ijumaa ijayo," alisema Bikajon bila kumtazama.

Akaliacha. Ijumaa iliyofuata akaliacha tena. Ya tatu lilianza kulainika, aibu ikamshinda, akalibeba.

"Haya, mpaka vuli, Mungu akipenda," Bikajon alimwambia langoni. Ruzmat, mwenye miaka sabini na tatu, alienda zake. Upweke ulimuuma kuliko siku aliyotoka kumzika mkewe.

Jumapili asubuhi wazo likamjia, akacheka peke yake. Angenunua tikiti sokoni, ampelekee Bikajon amtundikie ghalani, kisha kila Ijumaa aende kulikagua! Akamtandika punda, huyoo, mpaka sokoni.

Muuza matikiti alikuwa amepanga figili tupu.

"Umechelewa, mzee wangu. La mwisho alilichukua Bikajon wa kijijini kwenu, mwezi uliopita." Akazinyunyizia figili zake maji. "Yule mama anapenda matikiti, jamani! Tangu yake yalipomwozea yote kabla ya theluji ya kwanza, hakukosa hapa Alhamisi hata moja."