Haraka ya Mpimaji

"Hapana. Chaja hii ya polepole inatosha," alisema fundi cherehani, amesimama kati ya gari na soketi ya ukutani kama askari wa zamu.

Mpimaji wa ardhi alicheka, waya wa gari lake la umeme ukining'inia mkononi. "Haya, nimesikia. Nipishe basi nichomeke."

Alimpisha. Taa ya gari ilipowaka, roho yake ikatulia. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo: mwanamume huyu akishachomeka, haendi popote mpaka jioni. Atakula, atasinzia kwenye kochi, atasimulia ugomvi wa mipaka ya viwanja, naye atashona huku akimsikiliza. Nani asiyejua utamu wa mtu wako kukosa pa kwenda?

Sasa ati anataka gari liwekewe chaja ya ndani yenye kasi, ya kulijaza umeme wa nyumbani kwa saa mbili tu. Ya nini? Fundi alijua ya nini. Kulikuwa na yule mwanamke.

Alimwona mara moja tu, dukani, akichagua mapazia. Mrefu, ana kicheko cha kujiachia, na shingo ambayo, tuseme kweli, haikuhitaji mkufu. Fundi alirudi nyumbani akakata kitambaa cha mteja upande usiofaa. Tangu hapo simu ya mpimaji ikiita tu, chakula hakimshuki.

Lakini hakuwa mtu wa kulia kwa majirani. Alimwendea fundi umeme, akamhoji kuhusu chaja mpaka maskini akaomba maji. Leo alikuwa amejipanga.

"Hiyo ya kasi ni ghali," alianza, wakiwa ndani akimpakulia chakula. "Halafu nzito, inaliongezea gari mzigo. Na safarini haikusaidii kitu. Vituo vikubwa vya barabarani vinapeleka umeme moja kwa moja kwenye betri, chaja ya ndani wala haiguswi."

"Safarini, sawa. Mimi nazungumzia hapa."

"Hapa? Umeme wa nyumba hii utaiweza?"

"Ule uliouvuta kwa ajili ya cherehani zako kubwa? Unatosha na kubaki."

Alijilaani kimoyomoyo. Umeme ule aliuomba mwenyewe, akafuatilia mpaka ukaja.

"Itachemka," alisema, japo hoja hiyo hakuiamini hata yeye.

"Ina kipoza joto chake."

Akaweka upawa chini. Maneno ya fundi umeme yalikuwa yamemwishia, yakabaki ya kwake.

"Unakimbilia wapi? Sema tu. Unataka uondoke hapa jua halijatua, uwahi kwake. Mwaka mzima nameza, nasema yataisha. Jumamosi ndiyo siku pekee ninayokupata kutwa nzima, na hiyo nayo unaitafutia mkasi."

Mpimaji aliacha kula.

"Imeshanunuliwa," alisema. "Inafungwa Jumatatu."

"Umenunua bila hata kuniambia?"

"Si mimi niliyenunua."

"Nani, basi?"

"Mke wangu," alisema mpimaji, bila kuinua macho. "Anasema saa mbili kwa wiki zinatutosha, mimi na wewe."