Panya wa Kundi A

Panya wa mwisho alizunguka beseni mara tisa bila kukiona kibao.

Kibao cha kusimamia kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote, kimezama kidogo chini ya maji yaliyotiwa maziwa ya unga ili kisionekane. Miezi minane iliyopita panya huyuhuyu alikuwa akiogelea moja kwa moja hadi kwenye kibao, utadhani ameitwa. Leo alipapasa ukingo mpaka akachoka. Binti akamtoa kwa wavu, akamkausha kwa taulo, akaandika daftarini: dakika moja, hakufika.

"Haya," Profesa akasema. "Tufungue bahasha."

Walikuwa watatu chumbani. Profesa, fundi wa maabara waliyembandika jina la Mzee Vipimo, na binti mwenyewe, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika sayansi ya ubongo, mwaka wa tatu. Ufadhili wake ulibeba kila kitu, kuanzia ada na posho hadi viatu vya maabara. Waliomba watu mia tatu, wakachukuliwa wanne. Kwenye usaili walimuuliza kwa nini amechagua ubongo, naye akawajibu bila kupamba kwamba mama yake ameanza kumsahau.

Panya wote walizaliwa na ugonjwa uleule wa kusahau. Kundi moja lilipewa dawa, lingine maji ya chumvi yasiyotibu kitu, na chupa ziliandikwa A na B tu. Anayewahudumia panya haruhusiwi kujua ipi ni ipi. Jibu lilikaa ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya sefu la Profesa. Shida ni kwamba panya hawajui kutunza siri. Kufikia mwezi wa tatu kundi B walikuwa wamepotea kabisa, na kundi A walikifikia kibao kwa sekunde sita. Mwenye macho hakuhitaji bahasha.

Halafu, mwezi wa nne, kundi A nao wakaanza kuyumba.

Ndio mwezi huohuo mambo yalipoharibika nyumbani. Mama alikuwa akimwita binti yake "nesi" na kumwomba kwa adabu amtafutie mwanawe. Viatu alivihifadhi kwenye jokofu. Siku moja jirani alimkuta barabarani amevaa gauni la kulalia, akiulizia kituo cha basi kilichobomolewa zamani. Binti alilia chooni huko maabara, akanawa uso, akarudi kwa panya wake. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi.

Profesa alisoma karatasi, akavua miwani. "A ndiyo dawa."

Akakaa chini taratibu.

"Tungesimama mwezi wa tatu, leo tungekuwa tunapongezana," akasema. "Inasaidia kidogo, kisha mwili unaizoea. Ndivyo nitakavyoandika, sina lingine la kuandika."

Binti akatia mikono mifukoni mwa koti jeupe.

"Wala usijilaumu," Profesa akaendelea. "Hakuna aliyejituma kama wewe. Umejaza hizo chupa mwenyewe kila siku, hata sikukuu. Lakini nimeshaongea na wafadhili. Wanafunga mradi, na kiwanda hakitaitengeneza tena dawa hii. Ufadhili wako nao ulikuwa umefungwa kwenye mradi huu, binti yangu. Unaishia mwisho wa mwezi." Akaikunja karatasi. "Inaniuma zaidi kwa sababu ya mama yako."

"Naelewa, Prof."

Mzee Vipimo alikuwa ameshatoa chupa zilizobaki kwenye friji ya maabara, anazimimina moja moja kwenye dumu la taka. Binti alitazama kila chupa ikiisha.

"Mimi kinachonishangaza ni maji ya chumvi," mzee akanung'unika. "Mwaka huu nimeagiza mara mbili ya mwaka jana. Sijui hawa panya wenu wanayapikia."

Profesa akamwambia amalize, kisha afunge chumba.

Alasiri binti alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akasimama mbele ya mlango wa kwao. Aliogopa kuingia. Njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kulisema, na hakuipata. Kabla hajatoa ufunguo, mlango ukafunguliwa.

"Nimezitambua hatua zako tangu chini," mama akasema, akamwita kwa jina lake la utotoni. "Mbona umechelewa? Leo si ndiyo ile siku ya bahasha? Niambie basi, dawa yenu imefaulu?"

"Imeshindwa, mama."

"Pole, mwanangu. Na ulivyoihangaikia."

Mama akavuta kiti cha jikoni, akakaa, akafungua kinywa kama alivyozoea. Binti akafungua jokofu, akatoa nyuma ya maziwa kichupa chenye herufi A, akamhesabia matone sita kwenye kijiko. Yaliyobaki yalikuwa ya siku nne.