Waliogonga Bila Hodi

Tunu alikuwa akirekodi wimbo wake wa roki kuhusu siku askari walipomchukua kaka yake. Kila mara alimkatiza mpiga ngoma.

"Shaweji, unagonga kama jirani. Jirani hugonga akasema hodi. Wale waligonga tu, mara tatu, wakanyamaza."

Wakaanza upya. Walipofika pale ambapo gitaa hunyamaza kusubiri ngoma, mlango wa studio ukagongwa mara tatu. Hakuna aliyesema hodi.

Shaweji aliviweka vijiti chini. Tunu alitazama utepe wa kurekodia. Ulikuwa bado unazunguka. Akasogelea kipaza sauti, akaimba jina la kaka yake, huku kitasa cha mlango kikizunguka taratibu.