Upindo wa Gauni

Bi Shani, fundi cherehani, alipiga magoti kutazama upindo wa gauni la harusi. Lilipojaribiwa mara ya kwanza lilikuwa limemkaa bibi harusi sawasawa. Leo lilikuwa linaburutika sakafuni.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikosea kupima."

"Hukukosea," alisema Mwantumu, binti wa miaka ishirini. "Mimi ndiye ninayepungua kimo. Kuna tezi mwilini mwangu inamwaga homoni kupita kiasi, na homoni hiyo inakula mifupa. Pingili tatu za mgongo zimeshabonyea. Daktari anasema nyingine zitafuata."

"Hakuna dawa?"

"Wamenipasua mara mbili. Hawana tena la kufanya."

Bi Shani alikunja kitambaa vidole vitatu, akakishika kwa pini. "Hapa panatosha?"

Mwantumu alijitazama kwenye kioo, mkono mmoja kiunoni.

"Harusi bado miezi miwili," alisema taratibu. "Pandisha kidogo."

Fundi alipandisha kidole kimoja. Akaambiwa bado. Alipandisha tena, na tena, hadi miguu ikaonekana, na Mwantumu akasimama wima kadiri alivyoweza ndani ya gauni lililokuwa fupi kwake.