Sevisi ya Jumatano

Linet alijaribu kalamu tatu kabla ya kupata moja yenye wino uliofifia vya kutosha. Maandishi yalipaswa kuonekana ya karibu wiki mbili zilizopita.

Mbele yake kulikuwa na kitabu cha sevisi cha kanta ya nne. Kampuni ilikuwa na kanta saba, malori madogo ya kusambaza mbolea, kutoka yadi ya Migori hadi Uriri, Ndhiwa na Homa Bay, na kila moja ilikuwa na kitabu chake. Linet ndiye aliyevitunza. Kwa miaka sita hakuwahi kuandika kitu ambacho hakikufanyika.

Ukurasa wa mwezi huo ulikuwa mtupu. Tarehe ya kukagua breki ilipita, naye akamkumbusha Javan, msimamizi wa magari, mara mbili.

"Ni msimu wa kupanda," Javan alimjibu. "Gari haiwezi kukaa."

Linet akakirudisha kitabu rafuni. Alhamisi alfajiri dereva Chrispine akaondoka nayo ikiwa na magunia ya mbolea, na kwenye mteremko wa kuingia Homa Bay kanta ikakataa kusimama. Waliokuwa kando ya barabara walisema alipiga honi njia nzima hadi alipogonga ukuta. Alikufa kabla ya kutolewa kwenye kiti.

Baada ya mazishi, mjane wake Monicah alikuja yadi kuchukua jaketi na viatu vyake. Alisimama kwenye mlango wa ofisi, viatu vikiwa mkononi.

"Wewe ndiye unaweka rekodi," alisema. "Niambie tu ukweli. Hiyo gari ilikuwa mzima?"

Linet alijifanya anatafuta faili kwenye droo. Alipoinua kichwa, Monicah alikuwa ameshaondoka.

Kwa hiyo Jumanne, Javan alipoingia na kufunga mlango, alimkuta mtu aliyekwisha kulegea.

"Watu wa bima wanakuja Ijumaa," Javan alisema. "Wakikuta hiyo page iko empty, watasema gari ilikuwa haihudumiwi, na hawatalipa kitu. Na atakayeumia si kampuni. Ni Monicah na wale watoto."

"Lakini haikufanywa, bosi."

"Nyaminwa." Hakuwahi kumwita dada, kwa Kijaluo chao, kabla ya siku hiyo. "Chrispine ameenda. Huo ukweli wako utamsaidia nani?"

Linet aliangalia ukurasa. Aliona viatu mkononi mwa Monicah.

"Niandike fundi ni Motari?"

"Motari alikuwa kwao Kuria wiki hiyo yote. Wakimuuliza atakana. Andika wewe ndiye ulisimamia kazi, wewe ndiye ulikagua."

"Basi usaini hapa chini kama msimamizi."

Javan alitikisa kichwa polepole. "Mimi na marehemu tulikuwa tumekosana, na yadi nzima inajua. Wakiona saini yangu hapo watasema najitetea. Wewe alikuwa anakuheshimu. Jina lako ni safi."

Tarehe aliitoa mwenyewe, bila hata kutazama kalenda. Jumatano jioni, kanta iliporudi kutoka Ndhiwa. Alisimama nyuma ya kiti chake, mikono mfukoni, mpaka Linet alipomaliza: breki zote zimefunguliwa, zimesafishwa, zimefungwa. Imesimamiwa na kukaguliwa na Linet Akoth. Akasaini. Javan akashukuru kwa sauti ya chini, akatoka. Kitabu chenyewe hakukigusa.

Mgeni alifika Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Javan akiwa ameenda Uriri. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye koti la kijivu. Alisema anaitwa Mirumbe na amekuja kuhusu kanta ya nne. Linet alifikiri watu wa bima wamewahi kwa siku moja. Alimpa kiti, akamwekea kitabu mbele yake kabla hata hajakiomba.

Mirumbe alisoma ukurasa ule mara mbili, akifuata mistari kwa ncha ya kalamu.

"Hii saini ni yako, madam?"

"Ni yangu."

"Na ulikuwepo breki zikifunguliwa?"

Akamfikiria Monicah. "Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho."

"Javan, msimamizi wako, hakuwa karibu?"

"Hapana." Hilo alilijibu haraka, ili asije akaulizwa kuhusu ule ugomvi. "Alikuwa ametoka."

"Baada ya hapo kuna mtu mwingine aliigusa gari? Fundi, turnboi wa dereva, yeyote?"

"Hakuna. Ililala hapa ndani, na ufunguo ulikuwa kwangu. Chrispine aliuchukua Alhamisi asubuhi, akaenda."

"Una uhakika?"

"Kabisa. Naweza kuapa."

Mirumbe aliitikia kwa kichwa, akaandika majibu yake yote kwenye karatasi, akamsomea, akamwomba aweke sahihi. Linet akaweka. Kwa mara ya kwanza tangu ajali alihisi kifua kimefunguka. Angempigia Monicah jioni hiyo hiyo, amwambie gari lilikuwa zima.

"Sasa watoto watalipwa lini?" aliuliza.

Mgeni alikuwa ametoa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, akakitia kitabu humo kwa kukishika pembeni, akaufunga. Mlangoni walikuwa wamesimama askari polisi wawili ambao Linet hakuwa amewasikia wakiingia.

"Hayo utawauliza bima, wanakuja kesho," Mirumbe alisema. "Breki za Chrispine hazikuchakaa, madam. Paipu zake zilikatwa nusu kwa msumeno, hapa yadi, Jumatano jioni. Siku tulikuwa nayo. Tulikosa jina."