Kidole cha Mauwa

Mumewe alikuwa ameibana bunduki yake ya kuwindia kwenye jiliwa, pembeni mwa meza ya jikoni, bisibisi zake zimelala juu ya kipande cha kitenge. Kila Jumapili, kabla ya kuendelea kuitengeneza, alimwomba Mauwa aingize kidole chake cha mwisho kwenye chemba ya risasi, kuhakikisha ni tupu. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinene mno.

"Mauwa, iko vide?"

Sombe ya majani ya muhogo ilikuwa inafurika motoni, misa inakaribia, kiatu kimoja hakionekani. Jumapili zilizopita alikuwa akijibu "iko vide" bila hata kuacha mwiko. Leo, hakujua kwa nini, moyo ulikataa. Alifuta mkono kwenye aproni, akasogea, akaingiza kidole.

Kikagota kwenye kitu laini, cha mviringo.

Hakuthubutu kukitoa kidole.

"Papa, muko kitu."

Mumewe alimshika mkono, akautoa taratibu, kisha akachomoa risasi ya mbao na kuilaza juu ya kitenge.

"Usiogope, ni ya muti," alisema, bila kumtazama. "Niliitiya mule kuna trois semaines, Jumapili tatu."