Kicheko cha Bombani

Marcelline aliwafundisha wanawake wa jengo lao kucheka huku wamebeba ndoo za maji kichwani. Walifanya mazoezi Jumamosi baada ya maombi, pale uani, penye bomba moja lililohudumia ghorofa zote sita.

"Si hivyo, Denise," alisema. "Unacheka kama mtu aliyekanyagwa mguu ndani ya teksi. Cheka kama uko kwenye harusi ya dada yako."

"Dada yangu aliolewa na mlevi, Mama Marcelline."

Hapo wote walicheka kwelikweli, na Marcelline akasema hicho ndicho kicheko anachokitaka. Ishara ya kucheka ingekuwa kilemba chake. Akikishika tu, wote wacheke, hata kama maji yamekatika.

Jumatatu alikuwa anakuja msanifu majengo, Bwana Parikh, kutoka Ahmedabad, aliyesifika kwa kufufua nyumba kuukuu za maskini kule India bila kumtoa mpangaji hata mmoja. Shirika lililochukua jengo lao hapa mtaani Yeoville ndilo lililomwita. Angekaa uani siku tatu, atazame watu wanavyoishi, kisha aamue cha kutengeneza.

Jengo la jirani lilikuwa limefungwa mwaka uliopita. Wakaguzi waliwakuta watu wakigombania foleni ya maji, wakaandika kwamba ni watu wa fujo, na mwezi uliofuata vitanda vilikuwa barabarani. Marcelline aliliogopa hilo. Lakini alichokiomba kwa Mungu, asubuhi na jioni, kilikuwa kimoja: maji yapande hadi ghorofa ya sita. Mama yake, mzee Victoire, alikuwa amepooza upande mmoja. Kumwogesha, kumfulia na kumpikia kulitaka ndoo sita kwa siku, na kila ndoo ilipanda ngazi mia moja na nane. Magoti ya Marcelline yalizijua moja moja.

"Kwa nini tusimwambie tu?" aliuliza Denise.

"Mgeni hajaketi, umeshamwanzia malalamiko? Mimi nimeshamwambia Mungu. Huyu ana macho, ndoo ataziona mwenyewe."

Bwana Parikh alikuja na kiti cha kukunja, daftari na penseli. Alikuwa mtu mpole asiye na haraka. Marcelline alimpelekea chai ya tangawizi na mandazi ya moto. Wagomvi wawili wa ghorofa ya tatu aliwafunga midomo kwa kuwapa zamu ya kwanza bombani. Kila mara msanifu alipoinua macho, Marcelline aligusa kilemba, na ua ukajaa kicheko. Walisukana nywele wakisubiri ndoo zijae. Siku ya pili waliimba wimbo wa kanisani kwa sauti nne, na mgeni akaweka penseli chini, akavua miwani na kuifuta.

Siku ya tatu alimwita Marcelline, akamsimulia habari za kwao. Kuna mtaa aliutengeneza alipokuwa bado kijana. Kila familia ilipata maji yake ndani ya mlango wake. Aliporudi baada ya mwaka mmoja, alikuta majirani hawasalimiani tena. Marcelline aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri marefu, huku akiwaza jinsi watu wa mtaa ule walivyobarikiwa.

"Niambie, mama," alisema Bwana Parikh. "Katika jengo hili, kitu gani nisikiguse?"

Marcelline alifikiri haraka. Akisema hakuna, ataonekana hapapendi.

"Pale bombani," alijibu. "Pale ndipo tunapokuwa watu wa nyumba moja."

Msanifu aliandika, akapigia mstari mara mbili. Akakunja kiti chake, akasema hana haja ya kupanda ghorofani, aliyoyaona yamemtosha. Usiku ule Marcelline alipiga magoti akashukuru, kwa kuwa mtu aliyetumwa alikuwa ameona.

Kazi ilichukua miezi mitano. Ua ulizungushiwa mabati, na wapangaji wakawa wanachota maji kwenye tangi lililowekwa nje. Malori yalileta mbao, vigae na vioo.

"Maji yamefika ghorofa ya ngapi?" mzee Victoire aliuliza kila jioni kutoka kitandani.

"Bado wako chini, mama. Yanakuja."

Denise alisema hajaona bomba hata moja la kupandishia maji likishushwa kwenye malori. Marcelline akamwambia mabomba huja mwisho, asiwe na imani haba. Wiki ya kukamilisha kazi alizipeleka ndoo zake tano kanisani wapewe wenye shida, akabakiza moja ya kupigia deki.

Siku ya uzinduzi walikuja wageni wenye kamera. Mabati yalikuwa yameondolewa, na katikati ya ua palikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa shuka jeupe. Marcelline alipewa kiti cha mbele. Bwana Parikh alisimama, akasema kwamba fedha za kupandisha maji hadi kila chumba zilikuwepo tangu mwanzo. Wanawake wakapiga vigelegele. Akangoja wanyamaze.

"Kosa hilo nililifanya mara moja kwetu," alisema. "Kwenu ninyi sikuweza kulirudia."

Akavuta shuka.

Bomba lilikuwa palepale. Lilizungukwa na vigae vya rangi na mabenchi ya mbao, chini ya paa la kioo, na juu yake kilining'inia kibao cha shaba chenye jina la Marcelline.

Marcelline aliinua mkono, akashika ncha ya kilemba ajifute macho.

Wanawake wote wakacheka.